Kibao Kilichooshwa Mara Saba

Bi Esha alizikwa Ijumaa, na Jumapili nilikaa na wanawake wenzangu kwenye mikeka ya ukumbini kwake, juzuu mikononi, tukimsomea. Ilipofika kahawa na tende, mazungumzo yakaanza kama yaanzavyo penye kila matanga, kwa kumsifu aliyeondoka. Mmoja akasema hakupata kumwona marehemu amenuna. Mwingine akaongeza, "Huyo hakuwa na kinyongo hata na nzi." Binti wa marehemu akaitikia kwa kichwa, akijifuta machozi kwa ncha ya leso. Nami nikakiinamia kikombe changu, kwa sababu nilijua kwamba Bi Esha alipata kukasirika, tena karibu miezi minne, dirisha limefungwa. Nilijua pia kwamba haki ilikuwa yake, na kwamba aliyemkasirisha alikuwa amekaa papo hapo mkekani, mwanamke wa makamo mwenye mvi zake, anapuliza kahawa ili asitazamane na mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule, nikiishi kwa Khale Zuena, ndugu yake mama, katika Mji wa Kale. Nilitoka wapi na nilipelekwa kwake kwa sababu gani, hayo hayana kazi hapa. Nitasema habari za jiko lake, kwa sababu ndilo lililonilea. Lilikuwa nyuma ya nyumba, nusu chini ya paa na nusu uani, na mlango wake mdogo ulitokea kichochoroni. Juu ya meko kulikuwa na utaa, yaani uchaga wa miti iliyofungwa kwa kamba, na juu ya utaa mapande ya nyama ya ng'ombe yalikaa siku tatu, nne, yakipigwa na moshi wa makumbi ya nazi. Kwanza yalilazwa katika chumvi, ndimu, pilipili manga na ukwaju. Kisha yalipandishwa juu, yakawa meusi nje na mekundu ndani kama komamanga. Watu walikuja kuagiza kutoka mitaa yote ya kisiwani: mama anayemfungia mwanawe safari ya masomo, bwana harusi anayetaka kuwapelekea wakwe kitu kisicho cha kila siku. Lakini sifa ya Khale haikuwa moshi, kwani moshi hata mwingine angeuweza. Sifa yake ilikuwa kukata. Vipande vyake vilikuwa vyembamba hata ukikiinua kimoja mbele ya mlango, mwangaza unapita. "Nyama ya moshi," alikuwa akisema, "haitaki nguvu. Yataka mtu asiye na haraka na kibao kisicho na haraka."

Kibao chenyewe kilikuwa duara la mkwaju, nene kama vidole vinne, zito kiasi kwamba nilikibeba kwa mikono miwili. Mumewe, Ami Salim, ndiye aliyemkatishia, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Kilikuwa na bonde dogo katikati, lililochimbwa na kisu kwa miaka. Na kilikuwa na sheria zake, ambazo nilifundishwa kabla sijafundishwa hata kuwasha meko: kibao hakimwagiwi maji. Hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu, kikasuguliwa kwa chumvi na ganda la ndimu, kikapanguswa, kisha kikapakwa mafuta ya nazi. Kikishanywa maji, alisema, kitakuwa kama mtu aliyezoea kulia. Kila siku kitatafuta sababu.

Ami Salim alifariki akiwa amekaa kitini, akingoja chai. Khale akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani, asijitie manukato, asionekane na wanaume ila mahaarimu wake. Matanga yakajaza nyumba. Jikoni aliongoza Bi Esha, jirani wa mkabala, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na kichochoro chembamba hata madirisha ya juu yaliweza kupeana kikombe. Alikuwa shoga wa Khale tangu wote wawili wakisuka nywele mbili. Siku ya pili, masufuria yanachemka uani na kila mtu anamwita kila mtu, Bi Esha akakitwaa kibao ukutani, akakatia vitunguu, akakipangusa kwa kitambaa, akanitilia mikononi. "Shika, Nuru. Kirudishe mahali pake mwenyewe asijakiona, maana nimemkatia vitunguu juu ya roho yake." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyelia usiku kucha.

Nikaitwa kuchukua sinia. Nikakiweka kibao chini, karibu na mlango wa nyuma, nikasema narudi sasa hivi. Mlango niliuacha wazi. Niliporudi, mbwa koko wa kichochoroni alikuwa amekisimamia, ulimi unakwenda na kurudi katika lile bonde la katikati, taratibu, kana kwamba naye hana haraka. Nilimfukuza kwa mchi. Angekuwa paka lisingekuwa neno. Lakini mbwa! Mimi nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nikajua kinacholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilijua pia sheria ya Khale. Zote mbili nilizijua, na nyumba ilikuwa imejaa watu wanaomsomea maiti, na nyama ya sadaka ilikuwa inangoja kukatwa. Nikajificha nyuma ya pipa, nikakisugua kwa udongo wa uani, kisha nikakimwagia maji mara sita, nikihesabu kwa sauti kama mtoto. Kisha, ili kikauke upesi, nikakiegemeza kwenye ukuta penye jua kali la saa saba. Baada ya alasiri nilisikia mlio mmoja mkavu, kama mtu aliyevunja muwa gotini. Kilikuwa kimepasuka kati kwa kati.

Hadi leo siwezi kusema kwamba niliamua kuficha. Nilivibananisha vile vipande viwili, nikaviegemeza mahali pake, ufa ukitazama ukuta, na nikajiambia nitasema matanga yakiisha. Matanga yakaisha. Siku ya nne Khale aliteremka jikoni kwa mara ya kwanza, amevaa nguo za eda, macho yamevimba, akakishika kibao, nacho kikaachana mikononi mwake. Bi Esha alikuwa papo hapo, anasugua masufuria.

"Esha, kibao changu ulikifanyani?"

"Nilikatia vitunguu, shoga. Viwili vitatu. Nikakipangusa."

"Vitunguu."

"Vitunguu, ndiyo. Sikukitia shoka."

"Mume wangu kazikwa juzi, nawe waniletea mzaha?"

"Mzaha nautoa wapi mimi leo? Zuena, wanijua tangu lini?"

"Nakujua. Na kibao changu nakijua."

Bi Esha akaliweka chini sufuria alilokuwa nalo. Akanigeukia. "Nuru, mwanangu, si nilikupa mkononi, kizima?"

Wote wawili walinitazama. Nakumbuka povu la sabuni likiteremka kwenye kigasha cha Bi Esha. Nikasema, "Mlinipa, Bi Esha. Lakini sikutazama vizuri."

Sikutazama vizuri. Maneno mawili. Hayakumshtaki mtu, hayakumtetea mtu; yaliuacha mlango wazi tu, kama nilivyouacha ule wa nyuma. Bi Esha akasuuza mikono, akajipangusa, akavaa buibui lake polepole, akitungoja pengine tuseme neno. Hatukusema. Jioni ile dirisha lake la juu lilifungwa, na halikufunguliwa tena.

Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeshasoma katika matanga ya wengi, naelewa kile ambacho sikukielewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani kosa langu ni la kibao. Nilidhani nikipata kibao kingine, kizuri kuliko kile, mambo yatarudi yalivyokuwa. Khale alikuwa akikaa ghorofani, kiti chake kikielekea dirisha lile lililofungwa, akishona au akishika tasbihi. Majirani walikuja kumtazama. "Esha haji siku hizi?" walimuuliza. "Ana shughuli zake," alijibu. Siku moja nilimpelekea uji, akaanza kunisimulia jinsi Ami Salim alivyoanguka kwenye ngazi za gati siku ya posa, akafika kwao amelowa hadi kiunoni. Kisha akakomea katikati. Nikamwambia, "Endeleeni, Khale." Akatikisa kichwa. "Wewe nikikwambia, nasimulia tu. Esha nikimwambia, twakumbuka." Akanywa uji wake. Nami nikateremka jikoni, nikakwangua sufuria lililokwisha kuwa safi.

Kazi ilirudi mwezi wa pili, kwa sababu watu hawakuacha kuagiza. Tulikatia juu ya kibao cha plastiki nilichokinunua Marikiti, kikawa kinateleza mezani kama sabuni, na nyama ikatoka vipande vinene vilivyoraruka. Mteja mmoja mkongwe alituma salamu kwamba ameletewa kuni. Khale hakucheka. Akaniita. "Nenda kanitafutie kibao. Mimi sitoki, macho yangu ni wewe." Nikaenda kwa furaha ambayo leo inanitia haya, kwa kuwa niliiona njia ya kulipa bila kusema. Katika duka moja nyuma ya Biashara Street nilikuta ubao wa msaji, una mpini, unang'aa hata nikajiona uso. Khale aliuinua hadi puani. "Huu umepakwa rangi ya kucha?" Akanirudishia. "Nyama ya moshi huvuta harufu kama leso ivutavyo udi. Nikikatia hapa, watu watakula duka." Mara ya pili nilifika hadi Shimanzi, kwenye maghala, nikapewa na mpakizi mmoja kipande cha mbao ngumu ya kasha lililotoka melini. Nilikibeba begani katikati ya malori, mgongo ukiniuma, nikajiona nimefuzu. Khale alikigonga, akakisifu uzito, kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Kina dawa. Mbao za safari hutiwa dawa ya wadudu. Wewe wachagua kwa macho, Nuru. Macho ndiyo ya kwanza kudanganywa."

Zilipobaki siku kumi eda iishe, akakitoa chini ya meza kipande kimoja cha kibao cha zamani, akakifunga katika gazeti. "Mpelekee Fundi Omari, akione. Ukifika, nipigie simu. Nitachagua kwa masikio."

Fundi Omari alikuwa na karakana nyuma ya msikiti, chumba kirefu chenye harufu ya vumbi la mbao na chai ya tangawizi. Alikuwa mzee mwembamba, kofia imepigwa upande. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje, nikaishika katikati yetu. Na hapo pakaanza mazungumzo ambayo sitayasahau, maana hao wawili walisikiana kila neno na, kwa heshima ya eda, hawakukubali kusemezana.

"Mwambie Bi Zuena, Mungu amrehemu Salim."

"Mwambie amin," ilisema simu.

"Amesema amin," nikasema.

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akateremsha magogo matatu yaliyokatwa duara, akayapanga kwenye benchi. Akagonga la kwanza kwa kifundo cha kidole.

"Mwembe huo," ikasema simu. "Mwambie asiniuzie mwembe. Mbao laini, kila kisu kitaacha shimo na kila shimo litaoza."

"Nani amuuzie mwembe? Mwambie nalijaribu sikio lake, nione kama uchungu haukuliziba." Akagonga la pili.

Simu ikajibu, "Mkwaju, lakini mbichi. Walia kama mtungi wa maji."

Fundi akanitazama, nyusi juu. "Huyu mwanamke ningempata ujanani ningempa karakana." Kisha akakumbuka simu, akakohoa. "Hilo usimwambie."

"Hilo sikulisikia," ikasema simu, na kwa mara ya kwanza tangu matanga nilisikia katika sauti ya Khale kitu kinachokaribia kicheko.

Kabla hajaligonga la tatu, Fundi akakifungua kile kipande kwenye gazeti, apate kulinganisha unene. Akakigeuza kwenye mwangaza wa mlango. Akapitisha ukucha kwenye ufa. Akaacha mzaha.

"Hiki nani alikiosha?"

Nikayatazama magogo kwenye benchi.

"Mkwaju haufi kwa kisu, wala kwa vitunguu wala kwa mfupa. Hiki kilinyweshwa maji mengi, kisha kikaanikwa juani siku hiyo hiyo. Tazama, nje ilikauka na ndani imelowa, ndipo kikajivunja chenyewe." Akatoa kwenye ufa punje nyekundu, akaisaga baina ya vidole. "Na huu ni udongo. Umeingia hadi ndani. Mtu gani aoshaye kibao cha nyama kwa udongo?" Nilimwona akiligundua. "Aa," alisema taratibu. "Mbwa."

Simu ilikuwa mkononi mwangu, wazi. Nilisikia kupumua kwa Khale. Ningependa kuandika kwamba nilikiri mwenyewe, kwamba moyo wangu ulinisukuma. Haikuwa hivyo. Udongo ndio uliosema.

"Nuru."

"Labeka, Khale."

"Gonga la tatu."

Nikaligonga. Kifundo changu kikapiga mara mbili. Lilitoa sauti fupi, iliyoshiba, isiyobaki hewani.

"Jaribu mwenyewe. Lina harufu?"

Nililiinamia nikafumba macho. "Halina, Khale. Labda ya vumbi."

"Ukilisukuma, latembea?"

"Halitembei."

"Basi ndilo. Njoo nalo nyumbani." Simu ikakatika. Fundi Omari alinisaidia kulifunga kwenye gunia.

Nilimkuta Khale jikoni, amekaa kwenye kibago. Nililiweka gogo miguuni pake. Hakulitazama.

"Uliosha mara saba?"

"Saba. Ya kwanza kwa udongo."

"Dini umeipatia," akasema. "Ungeniambia, ningekiosha mimi kwa mkono wangu, kingepasuka mikononi mwangu, na ningemlilia Salim na kibao chake pamoja, yakaisha. Mbona ulinyamaa?"

Nilipiga magoti nikataka kumshika miguu. Akaivuta. "Usinishike mimi. Mimi nina langu. Nilikisadiki kibao nisimsadiki shoga yangu. Ningekuwa natoka, ningekwenda kwake sasa hivi, hata miguu mitupu. Sitoki. Nenda wewe. Langu nitamwambia mwenyewe akitaka kuja. Lako kalitoe mbele yake, na usilipunguze."

Kichochoro kile huvukwa kwa hatua nne. Nadhani nilikivuka kwa nusu saa. Bi Esha alikuwa amekaa sebuleni, anashona kofia, kitambaa cheupe magotini na sindano mkononi. "Masalkheri, Bi Esha." Akaitikia bila kuniangalia. Nilisimama mlangoni nikasema yote: sinia, mlango, mbwa, udongo, jua, ukuta, na maneno yangu mawili. Alishona mpaka nilipofika kwenye maneno mawili. Hapo akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Nilipokuuliza, ulijua."

"Nilijua."

"Mwanangu, mimi Salim alinioza. Walii wangu alikuwa mbali, yeye akaenda kumtafuta hadi akamleta. Sikupata pa kumlilia. Hapa nyumbani nililia kama mtu anayeiba, maana ningelia na nani? Aliyekuwa wa kulia naye alikuwa pale," akaonyesha ukuta kwa kidevu, "na mimi namsikia akikohoa." Akainyoosha kofia magotini. "Siku hizo hutanirudishia. Wajua?"

"Najua, Bi Esha. Naomba radhi."

"Radhi nitakupa. Lakini si leo. Leo nikikwambia nimekusamehe, nitakuwa nasema uongo, na uongo umeshatosha katika vichochoro hivi." Akaichomoa sindano. "Eda yake yaisha lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo."

"Aliyemwahidi kumkosha maji ya kutolea eda ni nani?"

"Hakuna, Khale hajamwambia mtu."

Akarudi kwenye kushona. Nikaaga, nikatoka.

Jumatatu ile asubuhi nilichemsha maji kama nilivyoagizwa, maji ya kumtolea Khale eda, nikayatia majani ya mrehani. Mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi. Bi Esha aliingia amebeba nguo mpya zimekunjwa kwenye kigasha cha mkono wake, akanipita jikoni kama mtu anayepita nguzo, akapanda ngazi. Nikasikia mlango wa chumba ukifungwa. Nikatia maji kwenye ndoo, nikapanda polepole yasimwagike, nikafika mbele ya mlango, nikainua mkono nibishe.

Nilitega sikio nikitarajia lawama, au salamu, au kuombana radhi. Kisha mmoja wao, sikujua ni yupi, akasema, "Siku ile ya posa, amelowa hadi kiunoni," na sauti ikamkatika, na wote wawili wakaangua kilio. Hakikuwa kilio cha wanawake waliopatana. Kilikuwa kilio cha maiti, kile cha siku ya kwanza, cha kuita jina, kilichokuwa kimengoja miezi minne na siku kumi kwa sababu yangu. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Niliushusha mkono. Nilisimama pale na ndoo mpaka mvuke ukaacha kupanda na maji yakapoa kabisa, nami sikubisha.